Gololi ya Kiembe Samaki Ina Thamani Gani?

Gololi za kioo ni vitu vidogo mno kuzozaniwa, lakini mzozo upo. Umeletwa na picha zinazosambaa kwenye simu: gololi moja, haizidi ukubwa wa zabibu, imewekwa juu ya kitambaa cheusi, na chini yake imeandikwa bei ya mamia ya dola. Anayeiona picha hiyo akiwa Kiembe Samaki, Unguja, anakumbuka lile kopo la maziwa ya unga lililojaa gololi za watoto juu ya kabati, na hesabu zinaanza. Mwengine barazani anamcheka: vitu vya shilingi chache vya dukani vitakuwaje mali? Wa tatu anaingia na lake, kwamba gololi ni kamari na hazifai hata kuwekwa ndani.

Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Tabu ni kwamba neno gololi linawafanya wadhani wanazungumzia kitu kimoja.

Jina moja, vitu vingi

Fundi baiskeli akisema gololi, anakusudia tufe za chuma zilizomo ndani ya ekseli. Watu husema gololi za macho. Kwenye maduka ya mapambo kuna vijiwe vya kioo vya kutiwa kwenye vyungu vya maua na matangi ya samaki, navyo huitwa gololi, ingawa upande mmoja viko bapa. Hivyo havikuviringwa na mashine. Ni tone la kioo lililoachwa lipoe juu ya bamba, ndiyo maana tumbo lake limelala. Kisichoviringika tukiweke kando.

Ipo pia gololi ya soda. Mwaka 1872 Muingereza Hiram Codd alipata hataza ya chupa yenye gololi shingoni. Gesi ya kinywaji huisukuma gololi juu ikabana kwenye mpira wa mdomo, na mnywaji huibonyeza ndani ili chupa ifunguke. Chupa za namna hiyo zilienea kote walikotawala Waingereza, na India zinatumika hadi leo. Gololi yake ni ya kioo cha rangi ya maji, kijani au buluu hafifu, haina ua ndani. Anayeiokota katika kifusi cha Mji Mkongwe huenda ameokota kitu cha umri mkubwa, ila ni kizibo cha chupa. Bei yake iko kwa wanaokusanya chupa.

Tunabaki na gololi ya kuchezea, ya kioo, iliyotengenezwa kwa mashine. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye kopo la juu ya kabati.

Mkasi wa Lauscha, mashine ya Akron

Kabla ya mashine, gololi nzuri za kioo zilitoka Ujerumani. Katika mji wa Lauscha, jimbo la Thuringia, miaka ya 1840 mafundi walibuni mkasi wenye kikombe kwenye ncha. Fimbo ya kioo cha moto, yenye nyuzi za rangi ndani yake, ilikatwa na kuviringwa humo humo. Pale ilipokatwa pakabaki kovu. Kovu hilo ndilo cheti cha gololi ya mkono, na mkusanyaji mzoefu hulitafuta kwa kidole kabla hajalitafuta kwa jicho.

Mashine ikaja kutoka Akron, Ohio, nchini Marekani. Mwenye nayo alikuwa Martin Christensen, ambaye kabla ya hapo alikuwa amebuni njia ya kutengeneza gololi za chuma. Kwa Mswahili hili halina ajabu, kwani gololi ni gololi. Kwa Wamarekani, ambao wana majina mawili tofauti kwa vitu hivyo, ilihitaji mtu wa kuyaunganisha. Kampuni yake ilianza mwaka 1903 na hataza ikatoka mwaka 1905. Akro Agate ilizaliwa mjini humo humo mwaka 1911, ikahamia Clarksburg, West Virginia, mwaka 1914 kufuata gesi ya rahisi na mchanga mzuri. Mwaka huo huo vita vikuu vikaanza, na bidhaa za Ujerumani zikakatika Marekani. Mashine ikakuta soko halina mwenyewe. Wakafuata wengine: Peltier ya Illinois, Christensen Agate (iliyochukua jina la Martin tu), Vitro Agate, Marble King.

Kazi yenyewe si ya kificho. Tanuri huyeyusha mchanga, magadi na chokaa. Kioo hutiririka kupitia tundu, mkasi hukata kipande, kipande huanguka baina ya rola mbili zenye mifereji iliyojisokota kama skrubu. Rola hukizungusha na kukisukuma mbele kwa pamoja; kinapofika mwisho kimeshakuwa tufe na kimeshaganda. Ile ya kawaida ina kipenyo cha milimita 16 hivi na uzito wa gramu 5 na kidogo.

Iliyozoeleka zaidi kwetu ni ile ya jicho la paka: kioo cheupe kama maji, ndani yake mabawa matatu au manne ya rangi. Wajapani ndio walioimwaga sokoni kuanzia karibu na mwaka 1950, na viwanda vya Marekani vikalazimika kuiga. Akro Agate ilifunga mwaka 1951. Leo kampuni ya Vacor ya Guadalajara, Mexico, inatajwa kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa duniani, na Uchina na India nazo zinatoa kwa wingi.

Gololi zisizo na kabila

Chukua jicho la paka moja uliinue dirishani asubuhi. Utaona mabawa hayafiki kwenye ngozi ya kioo. Rangi iliingizwa ndani ya mkondo ungali wa moto, kabla ya mkasi. Utaona viputo vya hewa, vyengine vimevutika kama punje ya mpunga, kufuata mzunguko wa rola. Ukiigeuza polepole huenda ukaona kunyanzi jembamba mahali ulipopita mkasi. Jambo moja hutaliona hata ukitumia kioo cha kukuzia: jina la aliyeitengeneza. Takriban gololi zote za mashine hazina muhuri.

Hapo ndipo hali yetu inapoachana na ya Wamarekani. Wao wakitaka kujua gololi fulani ni ya nani, wanazo sanduku za karatasi za zamani, orodha za bei, na zaidi ya yote majalala ya viwanda. Wakusanyaji wamechimba kwenye viwanja vya viwanda vilivyokufa, wakalinganisha vipande vilivyotupwa na gololi walizonazo. Utambuzi wao una ushahidi ardhini.

Unguja haijawahi kuwa na kiwanda cha gololi. Gololi huingia ndani ya kontena pamoja na vikombe, mipira na viatu vya plastiki, kupitia Dubai au Kariakoo, na kabla hazijamfikia mnunuzi wa duka la mtaani Kiembe Samaki mfuko wa wavu umeshachanwa na kikaratasi kimeshatupwa. Zinauzwa moja moja kutoka kwenye chupa ya plastiki. Nyengine zimekuja kama zawadi kutoka Muscat au London, zikachanganywa humo humo. Hata mwenye duka hana jibu ukimuuliza zimetoka kiwanda gani, na hana sababu ya kuwa nalo. Hakuna aliyekosea, biashara ya rejareja haijengwi kwa kutunza vikaratasi. Lakini kitendo kile cha kuchana mfuko ndicho kinachoifuta sehemu kubwa ya bei ambayo mtu wa Ohio angelipa.

Wanaosema ni mali

Hoja yao ina nguvu kuliko wacheshi wa barazani wanavyodhani. Soko lipo kweli. Christensen Agate iliishi kuanzia mwaka 1925 hadi 1933 tu, ikatoa rangi kali ambazo wengine hawakuzipata, na gololi zake bora huuzwa kwa mamia ya dola, chache kwa zaidi ya elfu. Wala umri si lazima. Huko Reno, Ohio, kiwanda cha Jabo kiliwahi kuwafungulia mlango wakusanyaji wenyewe: wanachanga fedha, wanateua rangi, tanuri linawashwa kwa ajili yao, na gololi za siku hiyo wanagawana. Gololi hizo ni za juzi, na zina bei.

Kwa nini ziwe na bei, na jicho la paka la Kiembe Samaki lisiwe nayo? Za Reno tarehe yake inajulikana, mchanganyiko wa rangi unajulikana, na zilizotoka siku ile hazitatoka tena. Anayelipa ananunua maelezo, na kioo ndani yake. Kopo la juu ya kabati lina kioo peke yake.

Udhaifu wa pili ni hali. Mnunuzi wa mali hutaka ngozi isiyo na mchubuko, na gololi iliyochezewa huwa na vidoti vya kugongana kama ndui. Kuipeleka kwa fundi ikasuguliwe hakuisaidii: inang'aa, inapungua kipenyo, na mjuzi akijua bei inashuka. Wapo pia wanaopita na taa ya zambarau, ile ya kukagua noti bandia, wakidai gololi inayowaka kijani ni ya kale kwa kuwa ina urani. Kioo chenye urani huwaka kijani kikali, ni kweli, lakini manganizi nayo inaweza kuwaka kwa udhaifu, na kioo cha urani kinatengenezwa hadi leo. Taa hiyo inaonyesha kilichomo ndani ya kioo. Mwaka wa kutengenezwa haiwezi kuuonyesha.

Tena Wazanzibari hatukupaswa kufundishwa na mtu kwamba bei ya kioo iko kwenye jicho la mnunuzi. Katika karne ya 19 maghala ya mji huu yalijaa shanga za kioo kutoka Venice na kwengineko Ulaya, za kupelekwa bara. Stanley alipojitayarisha hapa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, uchaguzi wa shanga ulimuumiza kichwa. Nyeusi zilipita Ugogo, kwengine zilikuwa takataka. Zile kubwa kama yai la njiwa, zilizoitwa sungomaji, zilikuwa sarafu ya Ujiji, na nje ya huko zilikataliwa. Aliyebeba rangi isiyotakiwa alibeba mzigo wa mawe. Sungomaji, tukitoa tundu lake, lilikuwa gololi, na thamani yake ilibadilika kila baada ya siku kadhaa za njia.

Wanaosema zichezwe

Hawa hawana subira na makopo. Gololi ilitengenezwa ilengwe, igonge, iingie kishimoni. Faida yao ni kwamba wako karibu zaidi na kusudio la kitu chenyewe, na kwamba mchezo unafundisha jicho, kidole na kuhesabu bila kumgharimu mzazi kitu.

Wanachokipoteza kinategemea hata wanapochezea. Mchanga mweupe wa fukwe za mashariki, Paje na Jambiani, ni wa matumbawe na makombe yaliyosagika, laini kuliko kioo, hauichubui gololi kwa urahisi. Udongo wenye chembe za mchanga mgumu, ule ule unaotengenezewa kioo, huipiga msasa mpaka iwe na ukungu. Gololi moja, hali mbili, ndani ya kisiwa kimoja.

Kuna na suala la ardhi yenyewe. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya mwaka 2012, na 893,169 katika ile ya 2022. Watu hao wamejenga, na Kiembe Samaki ni miongoni mwa walikojenga. Ua uliokuwa mchanga sasa una saruji, na gololi kwenye saruji haisimami inapotakiwa, na ikigonga ukuta inaweza kupasuka. Watu hupenda kuilaumu simu kwa kupungua kwa mchezo huu. Simu ina lawama yake, lakini mtoto hawezi kuchimba kishimo kwenye vigae.

Hoja ya kamari inaingia hapa, kwa kuwa iko ndani ya mchezo na haimo ndani ya gololi. Watoto wanapocheza kwa kula, mshindi anaondoka na gololi za aliyeliwa, na walimu wengi wa chuoni wanakataza jambo hilo kwa sababu iliyo wazi. Kucheza na kurudishiana ni mlango mwengine, na kuziweka sandukuni ni mwengine zaidi. Anayezikataza zote kwa pumzi moja anakihukumu kioo kwa kitendo cha mikono. Hata hivyo mashekhe wanaijua kazi yao kuliko mchambuzi, na mwenye shaka awaulize. Jambo ambalo halina shaka ni mtoto wa chini ya miaka 3: gololi humziba koo.

Wanaosema ni kumbukumbu

Hoja ya tatu ndiyo inayosikika kidogo zaidi, na ndiyo yenye mizizi hapa. Huko Unguja Ukuu, kusini ya kisiwa, Neville Chittick alichimba miaka ya 1960 na Abdurahman Juma akachimba kwa upana zaidi miaka ya 1990. Miongoni mwa vilivyotoka ni shanga ndogo za kioo za bahari ya Hindi, za zaidi ya miaka elfu moja. Zilipofika zilikuwa bidhaa za rejareja, za rangi za kawaida, zisizo na jina la fundi. Zimekuwa na maana kwa sababu mchimbaji aliandika kila moja imetoka tabaka gani, pamoja na vigae vipi vya vyombo. Ushanga ule ule ukiokotwa na kutiwa mfukoni, hadithi yake imekwisha. (Kwa hiyo nao usiokotwe. Maeneo ya kale yana wenyewe, na kuchukua hata ushanga mmoja ni kung'oa ukurasa.)

Jicho la paka liko katika hali hiyo hiyo, tofauti ni miaka. Linaweza kueleza njia za kontena, vipenzi vya rangi vya watoto wa mtaa fulani, na mchezo ambao kanuni zake hazijaandikwa vya kutosha. Kisichojulikana ni nani atalitunza. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa na makumbusho, iliporomoka. Taasisi zenye mzigo wa namna hiyo haziwezi kuombwa zipokee makopo ya gololi, na pengine si vibaya: kumbukumbu za mtaa zikikaa katika nyumba nyingi haziangukiwi na dari moja.

Hoja hii ina udhaifu wake pia. Ni rahisi kuigeuza huruma ya utotoni, mtu akaweka kila kitu kwa kisingizio cha historia. Kopo lisilo na maandishi halihifadhi historia yoyote, linahifadhi vumbi. Afadhali watoto walimwage mchangani.

Mizani

Ukiziweka hoja hizi pamoja, ya mali ndiyo inayoanguka kwanza kwa gololi zetu. Haianguki kwa sababu gololi haziwezi kuwa mali. Inaanguka kwa sababu zimetufikia zikiwa zimevuliwa majina, na hakuna jalala la kiwanda la kuchimba ili kuyarudisha. Anayenunua leo kwa matumaini ya kumuuzia Mmarekani kesho ananunua shanga nyeusi za kupeleka Ujiji.

Hoja ya mchezo na ya kumbukumbu hazipingani kama inavyodhaniwa, kwa kuwa mashine yenyewe imetatua ugomvi: inatoa gololi nyingi zinazofanana. Ya kuwekwa na ya kuchezwa zinaweza kutoka chupa moja ya duka moja siku moja. Na mkusanyaji wa Unguja ana nafasi ambayo wa Ohio hana. Yule analazimika kuchimba ili ajue kilichotokea mwaka 1930. Huyu anaweza kusimama kwenye duka leo na kuandika.

Kwa hivyo, msomaji, ukiamua kukusanya, usianze na picha za bei. Ukikuta mwenye duka anachana mfuko mpya, muombe kile kikaratasi kabla hajakitupa. Nunua mbili za kila aina, moja mpe mtoto wa skuli acheze. Nyengine itie kwenye trei ya mayai, kila moja na tundu lake zisigongane, na chini yake weka kipande cha karatasi chenye tarehe, jina la mtaa, bei uliyolipa, na jina ambalo watoto wanaiita. Andika kwa penseli. Wino wa baadhi ya kalamu huchuruzika kwa unyevu wetu.

Lile kopo la juu ya kabati, ikiwa hakuna anayekumbuka lilivyojaa, wape watoto.